Tiba ya muziki kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia: nani achague, na inasaidia kwa kiasi gani?

Mtulivu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba tujadili kwa kina jambo ambalo katika vyumba vya wagonjwa mahututi hufanywa mara nyingi kwa kubahatisha, nalo ni kumsikilizisha muziki mgonjwa aliyewekewa mpira wa kupumulia. Wengi huliunga mkono kwa nia njema, lakini namna wanavyolitekeleza hupoteza sehemu kubwa ya faida yake, na wakati mwingine humwongezea adha mtu ambaye hana uwezo wa kulalamika. Hoja yangu naiweka wazi tangu mwanzo: muziki ni sehemu ya matibabu pale mgonjwa mwenyewe anapouchagua, anapouwasha na anapouzima. Akinyimwa uwezo huo, unabaki kuwa sauti nyingine katika chumba ambacho tayari kina kelele nyingi.

Tuangalie kwanza hali aliyomo. Mpira unapita mdomoni, unapenya katikati ya nyuzi za sauti na kuishia kwenye njia kuu ya hewa, kwa hiyo mgonjwa hawezi kutamka neno hata kama akili yake iko timamu kabisa. Anasikia kengele za mashine, anasikia watu wakimzungumzia juu ya kichwa chake, anahisi hewa ikisukumwa kifuani kwa mpangilio ambao si wake, na kila baada ya muda anavutwa makohozi, jambo linalomletea kikohozi kikali na hisia ya kukabwa. Hofu inapompanda, anapumua harakaharaka na pumzi zake zinagongana na za mashine. Presha ndani ya njia ya hewa inapanda, kengele inalia, na hiyo kengele inamtia hofu zaidi. Wauguzi husema mgonjwa huyo anapigana na mashine. Jibu la kawaida ni kumwongezea dawa za usingizi kama vile propofoli au midazolamu.

Dawa hizo zina kazi yake na sitaki mtu yeyote anielewe vibaya kuhusu hilo. Hata hivyo, zikizidi hushusha shinikizo la damu, hurefusha muda wa kukaa kwenye mashine na kumfanya mgonjwa alale bila kusogea huku misuli ikizidi kudhoofu, na dawa za jamii ya midazolamu zinahusishwa na kuchanganyikiwa akili. Mwaka 2000 John Kress na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 128 ambao ulibadilisha fikra za madaktari wengi: wale waliokatiziwa dawa za usingizi kila siku hadi waamke walikaa kwenye mashine kwa wastani wa siku 4.9, ilhali wenzao walikaa siku 7.3. Tangu hapo swali limekuwa ni lipi lingine linaloweza kumtuliza mgonjwa ili dawa zipungue, na hapo ndipo muziki unapoingia.

Ushahidi ninaouegemea zaidi ni wa Linda Chlan, mtafiti aliyetokea kwenye fani ya uuguzi, ambaye pamoja na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2013. Waliwafuatilia wagonjwa 373 katika vyumba 12 vya wagonjwa mahututi vya hospitali tano, kwenye eneo la Minneapolis na Saint Paul nchini Marekani, na kuwagawa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa muziki na hedifoni, na mtaalamu wa tiba ya muziki alimhoji kila mgonjwa ili kujua anachokipenda. Baada ya hapo mgonjwa alisikiliza wakati wowote alipotaka na kwa muda aliotaka. Kundi la pili lilipewa hedifoni za kuzuia kelele bila muziki. Kundi la tatu lilipata huduma ya kawaida. Wa kundi la muziki walisikiliza kwa wastani wa dakika 80 hivi kwa siku, na kiwango chao cha wasiwasi kilikuwa chini kwa pointi 19.5 katika kipimo cha 100, kikilinganishwa na kile cha waliopata huduma ya kawaida. Kufikia siku ya tano, dozi za dawa za usingizi walizopewa zilikuwa zimepungua kwa asilimia 38.

Kwangu mimi uzito wa utafiti huo uko kwenye utaratibu wake kuliko hata kwenye tarakimu. Mtu aliyepokonywa sauti, mwendo, usingizi na hata mpangilio wa pumzi zake alirudishiwa jambo moja la kuamua. Ningependa kusikia kutoka kwa madaktari, wauguzi na waliouguza.

Ganzi

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa mada hii uliyoileta kwa staha. Mimi ni daktari wa usingizi na kazi yangu ya kila siku iko pembeni ya mashine hizi, kwa hiyo naomba niongeze tahadhari ambazo bila hizo wasomaji watatoka hapa na matumaini makubwa kuliko ushahidi wenyewe.

Utafiti wa mwaka 2013 ulikuwa na kundi la hedifoni za kuzuia kelele, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Katika kupunguza wasiwasi, muziki uliishinda huduma ya kawaida, lakini haukuonyesha ushindi wa wazi dhidi ya hedifoni zisizo na muziki. Vivyo hivyo katika uzito wa dawa za usingizi, yaani kiasi kilichotolewa. Palipoonekana tofauti kati ya makundi hayo mawili ni katika idadi ya mara ambazo dawa zilitolewa. Mtu mwenye kupima mambo kwa haki atasema kwamba sehemu ya nafuu ile huenda ilitokana na utulivu wa masikio, si muziki peke yake.

Nami sishangai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za wodini zisizidi wastani wa desibeli 30, na usiku milio ya ghafla isizidi 40. Vyumba vya wagonjwa mahututi vinavyopimwa huzidi 50 bila shida, mchana na usiku. Kabla hatujanunua vifaa vya muziki, tujiulize ni kengele ngapi zimewekwa viwango ambavyo havimhusu mgonjwa huyu, na ni mazungumzo mangapi ya wafanyakazi yanayofanyika kando ya kitanda ilhali yangeweza kufanyika kwingine.

Kuna na jambo la pili. Haiwezekani kumficha mgonjwa kwamba anasikiliza muziki, na wasiwasi hupimwa kwa kumuuliza yeye mwenyewe. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya majaribio ya tiba, yaliyoandaliwa na Joke Bradt na Cheryl Dileo, yalikusanya majaribio 14 yenye washiriki 805 na kuona kwamba muziki hupunguza wasiwasi, hupunguza kasi ya kupumua na pia shinikizo la damu la sistoli, yaani namba ya juu kwenye kipimo cha presha. Lakini waandishi wenyewe walitahadharisha kuhusu ubora wa majaribio mengi waliyoyapitia. Faida ipo, nami naikubali, ila ni ya kiasi.

Mtulivu

Daktari, nakubaliana nawe karibu kwa kila neno, na hoja ya hedifoni tupu ni nzito. Naomba tu tuitazame kwa upande wa pili. Hedifoni zile nazo aliyeamua kuzivaa na kuzivua alikuwa mgonjwa, maana waliambiwa wazitumie pale wanapotaka kupumzika na kelele. Kwa hiyo makundi yote mawili yenye hedifoni yalikuwa na kitu kimoja ambacho kundi la huduma ya kawaida halikuwa nacho: njia ya kuufunga mlango wa masikio kwa hiari. Sidai kwamba utafiti ulithibitisha hilo, kwa sababu haukuundwa kulipima. Nasema tu kwamba matokeo hayo hayaipingi hoja yangu.

Kuhusu kelele uko sahihi kabisa. Kumvalisha mtu hedifoni ili asisikie fujo tunayoweza kuizuia si matibabu.

Zamu ya Usiku

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na ningependa tushuke hadi kitandani, maana huko ndiko mambo haya hufaulu au hukwama.

La kwanza ni namna ya kumuuliza mtu asiyeweza kusema. Ukimuuliza "unapenda muziki gani?", umemwonea, kwa sababu swali hilo halijibiki kwa kichwa. Nauliza maswali ya ndiyo au hapana, nikianza na lile ambalo wengi husahau: "Je, unataka muziki sasa?" Akikubali, nataja aina moja moja, za ibada, za ala bila maneno, za dansi, za zamani za ujana wake, na nasubiri. Kusubiri ndiko kugumu zaidi. Mgonjwa mwenye dawa mwilini anaweza kuchukua muda mrefu kufumba macho au kubana kidole changu, na muuguzi mwenye haraka atakuwa ameshapita aina tatu mbele. Nikishapata jibu, nalirudia kinyume, "kwa hiyo hutaki za dansi?", ili nijue kweli ananielewa.

La pili ni hedifoni zenyewe. Kamba inayoushikilia mpira wa kupumulia huzunguka shavuni na mara nyingi hupita juu ya sikio. Hedifoni kubwa zikikaa juu ya kamba hiyo hubana ngozi, na kwa mtu aliyevimba uso au mwenye mzunguko dhaifu wa damu, mkandamizo mdogo tu unatosha kuanzisha kidonda nyuma ya sikio. Kwa hiyo kila ninapozivua naangalia ngozi kwa tochi, na mgonjwa aliyelazwa ubavu simvalishi kabisa. Spika ndogo karibu na mto, kwa sauti ya chini, inatosha. Zifutwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kwenda kwa mgonjwa mwingine, na vifuniko vya kutumia mara moja ni bora zaidi, kwa sababu kifaa kinachozunguka vitanda vyote hubeba maambukizi sawa na mikono isiyonawiwa.

La tatu, kipindi kiwe na mwisho. Nusu saa hadi saa moja, kisha kimya. Muziki unaoachwa ukicheza zamu nzima hugeuka kero, na kwa mgonjwa ambaye tayari haelewi kama ni mchana au usiku, huzidi kumvuruga.

Binti Mkubwa

Naomba msaada wa mawazo, kwa sababu suala hili linanihusu moja kwa moja. Mama yangu yuko kwenye mashine kutokana na nimonia kali, na kwa sasa amelazwa usingizi mzito kwa dawa, hafungui macho wala habani mkono. Nimesoma mnavyosisitiza kwamba achague mwenyewe, nami naelewa, lakini mama yangu leo hawezi kuchagua chochote. Je, nisimwekee nyimbo zake? Tena kuna ndugu wanaosema hasikii kitu, na wengine wanasema anasikia kila kitu. Sijui nimsikilize nani, na ningependa nifanye jambo lenye faida badala ya kukaa tu nikitazama namba kwenye kioo.

Pumzi Tena

Dada Binti Mkubwa, pole sana kwa kuuguza. Niliwahi kuwa kwenye mashine hiyo, na ninachoweza kukupa ni kile nilichokipitia. Nilikuwa nikisikia kwa vipande. Sauti ya mke wangu niliitambua hata nilipokuwa siwezi kufungua macho, ila maneno yake yalichanganyika na ndoto mbaya ambazo hadi leo siwezi kuzitenganisha na mambo yaliyotokea kweli.

Kulikuwa na redio karibu na kitanda changu, nadhani iliwekwa kwa wema. Matangazo, vicheko vya watangazaji, nyimbo nisizozijua, tena matangazo. Nilitamani mtu aizime na sikuwa na namna ya kusema. Niligeuza kichwa, muuguzi akadhani naumwa, nikapewa dawa. Sitaji hospitali wala mtu, kwa sababu hakuna aliyekusudia kunitesa. Nalisema ili wanaoweka muziki wajue kwamba mgonjwa anayegeuza kichwa huenda anaijibu redio.

Mtulivu

Kaka Pumzi Tena, asante kwa ushuhuda huo. Naomba wauguzi waliomo humu wausome zaidi ya mara moja, maana unaonyesha mzunguko mzima: sauti isiyotakiwa ilizaa usumbufu, usumbufu ukasomwa kama maumivu, na maumivu yakazaa dozi.

Dada Binti Mkubwa, nawe pole, Mwenyezi Mungu amjalie mama afya. Wanaosema anasikia kila kitu na wanaosema hasikii chochote wote wanadai kujua kuliko inavyowezekana kujua. Chini ya dawa nzito usikivu unaweza kupungua sana, na unaweza pia kurudi kwa muda dawa zinapopunguzwa, kabla hajaweza kuonyesha ishara yoyote. Kwa sababu hiyo ni busara kuzungumza naye kama anayesikia. Kuhusu muziki, upo utafiti mdogo wa Claudius Conrad na wenzake wa mwaka 2007, ambapo wagonjwa kumi mahututi walihusishwa, na waliosikilizishwa sehemu za taratibu za sonata za piano za Mozart walihitaji dawa chache zaidi za usingizi. Ni wachache mno kutegemewa peke yao, lakini angalau wanaonyesha kwamba mwili unaweza kuitikia.

Mama asipoweza kuchagua, wewe uwe mkono wake, si mbadala wake. Fikiria alichokuwa akikisikiliza akiwa peke yake, akiwa ametulia, na si kile ambacho familia hupenda kukisikiliza pamoja. Epuka nyimbo zinazobeba msiba au jambo zito, hata kama alizipenda, kwa sababu hana namna ya kukuambia kwamba leo zinamuumiza. Zenye mwendo wa polepole, midundo kati ya 60 na 80 kwa dakika, bila kupanda ghafla na bila ngoma nzito, ndizo zinazotumika zaidi katika tafiti. Kabla ya yote mwombe ruhusa muuguzi anayemhudumia. Mgonjwa mwenye jeraha la ubongo na shinikizo kubwa ndani ya fuvu, kwa mfano, huenda akahitaji sauti ya aina yoyote ipunguzwe kwa kadiri inavyowezekana.

Kisha mtazame yeye kuliko kioo. Mapigo ya moyo yakishuka kidogo na kupumua kukitulia, endelea. Ukiona uso ukikunjamana, vidole vya miguu vikikakamaa, mapigo yakipanda au kengele zikianza mara tu wimbo unapoingia, zima, na umweleze muuguzi. Pindi atakapoanza kuamka, jambo la kwanza umuulize kama anautaka.

Ganzi

Niongeze mawili ambayo naona yamebaki.

Dada Binti Mkubwa, kama mama alikuwa na kifaa cha kumsaidia kusikia, mjulishe daktari leo hii. Bila kifaa hicho muziki utamfikia kama mvumo tu, na maelezo ya wauguzi hayatamfikia kabisa. Tena baadhi ya viuavijasumu vinavyotumika kwa maambukizi makali, vya jamii ya gentamisini na amikasini, vinaweza kudhuru masikio, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kutopandisha sauti juu. Kipimo chepesi ni kwamba aliyesimama kando ya kitanda asiusikie muziki unaotoka kwenye hedifoni.

La pili ni kuhusu kuchanganyikiwa akili, kwa sababu nimeona watu wakiahidi kwamba muziki unalizuia. Tatizo hili ni zito. Utafiti wa Wesley Ely na wenzake wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wagonjwa wa mashine wanaolipata wana hatari kubwa zaidi ya kufariki ndani ya miezi sita. Hupimwa kwa njia rahisi: muuguzi anamsomea mgonjwa herufi kumi moja baada ya nyingine na kumtaka abane mkono kila asikiapo A, na anayepoteza mfuatano huo huendelea kuchunguzwa zaidi. Mwaka 2020 Sikandar Khan na wenzake huko Indiana walichapisha jaribio la awali la wagonjwa 52, likionyesha kwamba inawezekana kuwapa wagonjwa muziki wa polepole kwa utaratibu na kwamba waliupokea vizuri. Jaribio kubwa zaidi lililofuata kwa wagonjwa wenye umri mkubwa halikuonyesha kwamba muziki huo uliongeza siku za kuwa na akili timamu. Kwa hiyo tuahidi kupungua kwa wasiwasi, na tusiahidi hili lingine.

Kwa upande wa maumivu, mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha Marekani cha wataalamu wa wagonjwa mahututi unapendekeza muziki utolewe pamoja na dawa, ingawa kwa msisitizo mdogo kutokana na ushahidi usio imara. Neno la kushika hapo ni "pamoja". Mgonjwa anayeumia apewe dawa ya maumivu kwanza.

Binti Mkubwa

Nawashukuru sana, daktari, dada muuguzi na ndugu wote. Nimeshamwambia muuguzi wa mama kuhusu kifaa cha masikio. Kilikuwa kwenye mkoba wake nyumbani na hakuna aliyekuwa na habari nacho. Swali langu la mwisho: zamu zinabadilika, na kila anayekuja hajui tulichokubaliana na aliyetoka. Nifanyeje?

Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, omba iandikwe kwenye chati kama yanavyoandikwa matibabu mengine. Kinachosemwa kwa mdomo hupotea wakati wa kukabidhiana zamu, hata pale wauguzi wanapokuwa makini. Sisi huandika mistari mifupi: anachopenda, asichopenda, sikio lipi lisikialo vizuri, saa za kuwekewa na saa za kuzimwa, na alivyoitikia mara ya mwisho, mapigo yakiwa mangapi kabla na baada. Tunaepuka muda wa kuvutwa makohozi na muda ambao daktari anajaribu kumwachisha mashine kwa mara ya kwanza, ila kama mgonjwa mwenyewe ameomba asikilize wakati wa jaribio hilo, tunamwekea, maana wapo wanaopumua vizuri zaidi wakiwa na jambo jingine la kulifuata.

Karatasi kama hiyo ibandikwe na ukutani upande wa kichwani, kwa maandishi makubwa. Juu kabisa andika ishara mliyokubaliana naye ya kusema "zima", pindi atakapoweza kuitoa, iwe kufumba macho mara mbili au kuinua kidole, ili atakayeingia saa nane za usiku bila kukufahamu wewe wala mama aitambue.

Akiamka, tuandikie hapa alichagua nini.